Safari ya Bahari Hupangwa Nchi Kavu

NAKALA YA KIPINDI
Mada: Matembezi ya mashua, majira ya pepo na radi, pwani ya Kismayo na Visiwa vya Bajuni
Muda: dakika 15
Sauti: mtangazaji mmoja

[MUZIKI WA KUFUNGULIA, SEKUNDE 15, KISHA UPUNGUE]

  

Leo tunazungumza juu ya bahari. Najua kuna atakayecheka. Atasema, sisi hapa tunapanga foleni ya madumu bombani, vumbi limetujaa masikioni, na huyu anatuletea habari za mashua! Subiri kidogo, ndugu yangu.

Mnamo Novemba 2013, Kenya, Somalia na UNHCR walitia saini mkataba wa watu kurudi nyumbani kwa hiari. Kuanzia Desemba 2014 watu walianza kurudi, na Kismayo ni mmoja wa miji iliyopokea wengi kutoka Dadaab. Miongoni mwao wamo vijana waliozaliwa kambini. Sasa kila Idi picha zao zinatufikia kwenye simu: mashua imejaa vijana, nguo mpya, muziki, watu wamesimama juu ya ubao wa pembeni wakipunga mikono. Na sisi tuliobaki tunasema, inshallah, siku moja na mimi nitapanda mashua niende Koyama, niende Chovai, niende Chula alikozaliwa bibi yangu.

Kipindi hiki hakimwambii mtu arudi, wala hakimwambii abaki. Hilo ni uamuzi wako na jamaa yako. Lakini ukienda, hata kwa ziara ya wiki moja, utaikuta bahari. Na hapo kuna jambo ambalo hatulisemi wazi. Wengi wetu jina la Mbajuni tunalo, nyimbo tunazijua, samaki tunamla akipatikana, lakini bahari yenyewe hatuijui. Babu zetu walijifunza wakiwa na miaka sita au saba, wakikumba maji ndani ya mtumbwi wa baba. Sisi tumejifunza mambo mengine. Si aibu. Aibu ni kujifanya unajua, halafu ukabeba wadogo zako ndani ya chombo.

Kwa hiyo leo nataka ubaki na neno moja: safari ya bahari hupangwa nchi kavu. Ukishang'oa nanga, mengi yamekwisha kuamuliwa.

[MLIO WA MAWIMBI, SEKUNDE 5]

Tuanze na majira, maana mtu wa pwani hupanga kwanza kwa mwezi wa mwaka, kisha kwa saa.

Pwani ya Kismayo ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi. Ndiyo Jilaal ya Wasomali. Joto ni kali, mvua ni haba. Pepo ya pili ni kusi. Huanza karibu na Aprili au Mei, na ukali wake huwa Juni, Julai na Agosti. Wakati huo mawimbi hutoka bahari kuu yakapiga miamba ya nje ya visiwa, na wavuvi wengi huvuta vyombo vyao pwani wakavitengeneza. Mtu anayeishi kwa bahari akiamua kukaa nchi kavu, wewe unayekwenda kupiga picha una haraka gani?

Kusi si wa mzaha. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya abiria MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Upepo ulikuwa mkali na bahari imechafuka. Watu zaidi ya 100 walifariki au kupotea. Ile ilikuwa meli yenye injini kubwa. Mashua yetu ni mbao na tanga, au boti ya mashine moja ndogo.

Baina ya pepo hizo mbili kuna kipindi ambacho wazee hukiita tanga mbili, kwa sababu upepo hauna msimamo, leo unatoka huku, kesho kule. Huwa karibu na Aprili, na tena Oktoba na Novemba. Bahari hulala. Maji huwa kama kioo. Ukiyatazama kutoka ufukweni unasema, hii ndiyo siku yangu.

Sasa sikiliza vizuri. Miezi hiyo hiyo ndiyo miezi ya mvua: Gu, ambayo pwani tunaita masika, na Deyr, ambayo tunaita vuli. Hewa ina unyevu mwingi, jua ni kali, upepo ni mdogo, na mawingu hupanda juu wima. Hapo ndipo radi huzaliwa. Bahari inapokuwa tulivu zaidi, ndipo mbingu inapokuwa na hasira zaidi. Mgeni hutazama maji tu. Mwenyeji hutazama maji, kisha huinua kichwa.

Na miaka haifanani. Mwishoni mwa 2023 mvua za Deyr zilizidi sana. Wengi mnakumbuka maji yalivyoingia katika makambi ya Dadaab, na upande wa Somalia mafuriko yalihamisha watu wengi sana. Mwaka kama huo hata mpango mzuri wa mwaka uliopita haufai.

[MUZIKI MFUPI]

Tuje kwenye Idi, kwa sababu matembezi mengi ya mashua huwa siku ya Idi.

Utamsikia mtu akisema, "Baba yangu alikuwa akienda visiwani kila Idi, hapakuwa na tabu." Huenda ni kweli. Lakini Idi hufuata mwezi, na pepo hufuata jua. Kila mwaka Idi inarudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka 2000, Idi ndogo ya kwanza iliangukia mwanzoni mwa Januari, katikati ya kaskazi. Mwaka 1990, kabla ya vita, Idi kubwa iliangukia mwanzoni mwa Julai, kusi ikiwa na nguvu zake zote. Mwaka 2025, Idi ndogo ilikuwa mwishoni mwa Machi na Idi kubwa mwanzoni mwa Juni. Kwa hiyo usiulize tu, "Idi baba alikwenda wapi?" Uliza, "Idi hiyo ilikuwa mwezi gani, na upepo gani ulikuwa ukivuma?"

Kuna na jambo la maji kujaa na kupwa. Hili mwenye simu na asiye na simu wanaweza kulihesabu, kwa sababu kalenda yetu ya Kiislamu ni kalenda ya bahari pia.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari huwa na bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo katika milango baina ya visiwa huwa na nguvu. Idi ndogo ni mwezi mosi Shawwal. Mwezi umeandama jana. Kwa hiyo Idi ndogo siku zote huwa ndani ya bamvua. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa karibu na saa kumi au saa kumi na moja jioni.

Sasa fikiria siku yenyewe. Mmeswali Idi, mmekula, mmevaa, saa tatu mko pwani. Maji yanakimbia. Mkipanda, mnaweza kukwama juu ya fungu au mwamba kabla hamjafika mbali, kwa sababu njia ya ndani, baina ya visiwa na bara, ina sehemu za maji machache. Mkingoja maji yarudi, mtaondoka saa saba au saa nane mchana. Na kama ni wakati wa Gu, saa hiyo ndiyo mawingu yanajikusanya. Yaani bahari inakwambia ondoka alasiri, na mbingu inakwambia alasiri usionekane majini.

Jibu lake ni jepesi, ingawa vijana hawalipendi: siku ya Idi ndogo, wakati wa mvua, chezeni ufukweni. Matembezi ya visiwani yawekeni wiki moja mbele. Maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Ukifika mwezi nane Shawwal, wale waliofunga sita mfululizo wamemaliza, na maji sasa hujaa karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Tena ni maji mafu, mkondo ni mdogo. Mnaweza kuondoka saa moja asubuhi maji yakipanda, mkatembea, na kabla ya saa saba mko nyumbani maji yakiwa bado yanatosha. Bahari na mbingu zimekubaliana.

Idi kubwa ni mwezi kumi, karibu na maji mafu. Maji hujaa karibu na adhuhuri. Kwa upande wa maji ni siku nzuri. Lakini miaka hii inaangukia mwanzo wa kusi, basi hapo mwamuzi ni upepo.

Hesabu hii ni ya kuanzia tu. Kila mlango una tabia yake, na wa kukuambia ni mtu wa pale pale.

[MLIO WA NGURUMO, MBALI]

Umeisikia hiyo? Tuzungumze juu ya radi.

Umeme na ngurumo hutokea pamoja, lakini mwanga hufika papo hapo na sauti huchelewa. Sauti huchukua kama sekunde tatu kutembea kilomita moja. Ukiona mwanga, anza kuhesabu polepole: Bismillahi moja, Bismillahi mbili, Bismillahi tatu. Ukisikia ngurumo umefika tatu, radi iko kilomita moja tu. Ukifika 30, iko kilomita 10.

Kilomita 10 inaonekana mbali. Lakini wingu la radi laweza kutembea kilomita 30 au 40 kwa saa. Basi lina dakika 15 au 20 kukufikia. Mashua ya tanga, na upepo umekatika, haifiki popote kwa dakika 20. Ndiyo maana kanuni inasema hivi: kama hesabu yako haifiki 30, hupandi chombo. Na baada ya ngurumo ya mwisho, subiri dakika 30 nzima, hata jua likitoka na watoto wakianza kulia wanataka kwenda. Kila ngurumo mpya, anza upya kuhesabu hizo dakika 30.

Kwa nini baharini ni hatari zaidi? Umeme hutafuta kitu kilichoinuka. Juu ya maji yaliyo sawa kama mkeka, kilichoinuka ni mlingoti wako, na kama hakuna mlingoti, ni kichwa chako.

Lakini umeme si adui peke yake. Wengi huogopa umeme na kusahau upepo unaotangulia mvua. Wingu kubwa likianza kumwaga maji, hewa baridi huanguka chini na kukimbia mbele yake. Utahisi ubaridi wa ghafla katikati ya joto. Upepo utakatika, kisha utageuka. Utaona mstari mweusi juu ya maji, au maji yanachemka kwa mbali. Upepo huo ukikuta tanga liko juu, unaweza kuipindua mashua kabla nahodha hajamaliza sentensi. Kwa hiyo ukiona dalili hizo, tanga hutuliwa mapema, si wakati upepo umeshafika.

Dalili za kutazama tangu uko pwani ni hizi. Wingu jeupe linalopanda juu kama koliflawa, au kama moshi wa tanuri la chokaa, kabla ya saa sita mchana. Chini yake kumeanza kuwa cheusi. Juu yake kumetandazika kama fuawe la mhunzi. Redio inakwaruza. Mchana tazama upande wa bara, maana mawingu ya mchana hukusanyika huko. Alfajiri tazama upande wa bahari, maana ya usiku hukusanyika juu ya maji. Ukiona umeme baharini alfajiri, usiseme "uko mbali." Hesabu.

Na ikiwa imekukuta katikati? Elekea nchi kavu iliyo karibu, hata kama siyo mliyokusudia. Kama haiwezekani, tueni tanga, kila mtu avae jaketi la kuokolea, tieni nanga kama kina kinaruhusu. Kaeni chini ndani ya chombo, katikati, mbali na mlingoti. Msiguse chuma, mashine, wala kamba iliyolowa. Mikono isitiwe majini. Acheni kuvua na acheni kuogelea.

Mkifika kisiwani, msikimbilie chini ya mnazi. Mnazi ni mrefu, na radi inaupenda. Msikae ufukweni wazi. Nyumba ya mawe au msikiti ni bora kuliko banda la makuti. Mtu akipigwa na radi, mguse bila hofu. Umeme haubaki mwilini mwake. Kama hapumui, anza kumfanyia huduma ya kwanza ya kubonyeza kifua mara moja, na usimwache ukidhani amekwisha.

Haya ya radi yanafaa hata hapa kambini. Hema lenye mti wa chuma, uzio wa waya, mti uliosimama peke yake uwanjani: ngurumo ikianza, viacheni. Mechi itaisha baadaye. Gari lililofungwa lenye paa la chuma ni mahali pazuri pa kujikinga.

[MUZIKI MFUPI]

Sasa mpango wenyewe. Watu wengi hupanga saa ya kuondoka. Wewe anza na saa ya kurudi. Sema, wakati wa mvua, saa saba mchana tuko nyumbani. Kutoka kisiwani mpaka mjini ni muda gani? Mzee wa pwani akisema saa mbili kwa upepo mzuri, wewe weka tatu. Basi saa nne asubuhi mnang'oa nanga kurudi. Kama ukihesabu hivyo unaona hamna hata saa moja ya kukaa kisiwani, basi kisiwa hicho ni cha mbali kwa siku hiyo. Chagueni cha karibu.

Siku mbili kabla, tafuta habari za hewa. SWALIM, mradi wa FAO kwa Somalia, hutoa utabiri wa mvua. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa pwani ya Kenya, na Lamu ni jirani yetu wa kusini. Lakini utabiri hukuambia siku ina radi. Haukuambii radi itapiga saa ngapi katika mlango wa kisiwa gani. Hapo ni macho yako na nahodha. Uliza pia habari za usalama, kama njia hiyo iko wazi na inaruhusiwa. Hali hubadilika.

Mwachie mtu mmoja wa pwani maneno manne: sisi ni wangapi, tunakwenda kisiwa gani, nahodha ni nani, saa ngapi tutarudi. Saa ikipita, aanze kuuliza.

Tazama chombo. Jaketi ni kwa kila mtu, watoto kwa ukubwa wao. Ndoo ya kukumba maji, nanga na kamba, makasia, maji ya kunywa, simu ndani ya mfuko wa plastiki. Na ukikaa ubavuni ukishusha mkono bila kuinama ukagusa maji, mmekuwa wengi mno. Mmoja ateremke. Na wa kwanza awe wewe.

La mwisho ndilo gumu. Nahodha akisema leo hatuendi, usimwongezee pesa. Usimwambie, "Nahodha, tumetoka mbali, tumekuja Kismayo wiki moja tu." Sisi tuliokaa kambini miaka mingi tuna kiu. Tukipewa siku moja ya nyumbani tunataka kuinywa yote. Kiu hiyo naijua, na ndiyo itakayotufanya tumbembeleze mtu aliyesema hapana kwa ujuzi wake. Na dada, mama, mdogo wa mwisho, yeyote akiwa na wasiwasi akasema "mimi sipandi," asichekwe. Katika chombo, mtu mmoja akikataa, safari isimame mpaka asikilizwe.

[MUZIKI WA KUFUNGIA UANZE POLEPOLE]

Wiki hii nina kazi kwako. Katika block yako au ya jirani kuna mzee aliyekuwa baharini. Pengine ni baba anayeuza mkaa, pengine ni bibi aliyekuwa akienda kuchuma chaza. Hakuna anayemuuliza kitu tangu amefika hapa. Nenda umwamkie, kaa chini, umuulize mambo matatu. Kijijini kwenu, radi ilikuwa ikitokea upande gani? Katika mlango wenu, bamvua hukimbilia wapi? Na siku gani aliyoamua kutokwenda, kwa sababu gani?

Andika majibu au yarekodi kwenye simu. Tulete sauti hizo kituoni, na wiki ijayo tutazisikiliza pamoja. Wazee hao wanapungua, msikilizaji, na waliyonayo hayajaandikwa popote.

Nakala za kipindi hiki ziko kituo cha vijana. Chukua moja, msomee asiyejua kusoma. Kwa leo ni hayo. Usiku mwema, na Mungu akipenda tukutane wiki ijayo, saa na siku kama ya leo.

[MUZIKI WA KUFUNGIA, SEKUNDE 20, MWISHO]